Kuunganisha Spika ya Bluetooth na Redio ya Gari: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Lalamiko linalonifikia kila mara ni moja: "Redio haioni spika." Gari ni IST, Vitz au Probox, redio inapiga vizuri, spika ya Bluetooth ina chaji ya kutosha. Mwenye gari anataka muziki wa redioni usikike nje kwenye shughuli, au spika za milangoni zimepasuka na anataka hii ya mkononi ishike nafasi yake. Anawasha vyote viwili, anatafuta, anangoja, hakuna kitu. Anaamua kutumia waya: upande mmoja kwenye AUX ya redio (lile tundu la jeki ya sauti), upande wa pili kwenye AUX ya spika. Kimya.

Mara nyingi hapo hakuna kilichoharibika. Sauti imeelekezwa kusikopita. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiruke tatu za mwanzo, kwa sababu ndizo zitakazokuambia ununue nini na uache nini dukani.

## Vifaa vya kuandaa

- Spika yenyewe, imejaa chaji. Funua kile kifuniko cha mpira uangalie kama kuna tundu la AUX la milimita 3.5. Usidhanie. JBL Flip 4 na Charge 4 zinalo. Flip 5, Flip 6 na Charge 5 hazina.
- Kebo ya RCA kwenda jeki ya milimita 3.5: upande mmoja vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili jeki moja. Ni ya wenye spika yenye AUX, na ya wanaotumia transmita pia.
- Transmita ya Bluetooth, yaani kidude cha kurusha sauti. Ni ya wenye spika isiyo na AUX.
- Konveta ya sauti, ambayo wauza redio huiita hai-lo: inashusha umeme wa nyaya za spika uwe wa kiasi cha RCA. Inahitajika tu kama redio yako haina RCA.
- Kichuja mvumo cha AUX, kikopo kidogo chenye jeki upande mmoja na tundu upande mwingine.
- Bisibisi, spana namba 10, vijiti vya plastiki vya kufungulia dashibodi, tepu ya umeme, na kamba za plastiki za kufungia nyaya.
- Voltimita ya kuchomeka kwenye tundu la kiwasha sigara.

Vyote hivi utavipata Kariakoo, au Luthuli ukiwa Nairobi. Lakini usinunue chochote kabla hujafika Hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Jua nani anatuma na nani anapokea

Redio ya gari imetengenezwa ipokee sauti ya simu kwa Bluetooth. Spika ya mkononi nayo imetengenezwa hivyohivyo. Zote mbili ni masikio. Mdomo ni simu. Ndiyo maana kila moja inaunganishwa na simu bila shida, lakini zenyewe kwa zenyewe hazionani.

Waya wa AUX kwenda AUX unakwama kwa sababu hiyohiyo. Tundu la AUX lililo mbele ya redio ni la kuingizia sauti tu, na la spika vilevile. USB ya redio haitoi sauti pia. Kazi yake ni kusoma flashi na kuchaji simu.

Kwa kawaida sauti hutoka redioni kwa njia mbili, na zote ziko nyuma: matundu ya RCA, na nyaya zinazokwenda kwenye spika za milangoni. Kila utakachofanya kuanzia hapa kinaanzia kwenye mojawapo ya hizo, au kinaiacha redio kando kabisa.

## Hatua ya 2: Jaribu kwanza bila kununua kitu

Zima Bluetooth ya simu yako na za abiria wote. Hili watu hulipuuza, na ndilo linaloharibu majaribio mengi: spika ikiwaka huikimbilia simu iliyowahi kuunganishwa nayo, na ikishaikamata, kifaa kingine hakiioni.

Kisha bonyeza kitufe cha Bluetooth cha spika mpaka taa ianze kupepesa. Kama redio yako ni ya skrini kubwa inayotumia Android, ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth utafute. Chache zinaweza kutuma sauti. Nyingi haziwezi, hata kama jina la spika litatokea kwenye orodha.

Dalili ya kufaulu: taa ya spika inaacha kupepesa, na ukiwasha muziki redioni unasikika kwenye spika. Ikiwa hivyo, nenda moja kwa moja Hatua ya 8. Jina likitokea bila sauti, usipoteze jioni nzima. Redio yako ni ya kupokea tu.

Jaribio la pili ni la wenye Samsung Galaxy kuanzia S8. Simu hizo zinaweza kutuma sauti kwenye vifaa viwili vya Bluetooth kwa wakati mmoja. Unganisha redio na spika, zote kwenye simu, kisha kwenye paneli ya sauti uzichague zote mbili. Muziki utatoka simuni, siyo redioni, lakini kwa wengi hilo linatosha.

## Hatua ya 3: Chagua njia yako

Spika za gari zimekufa, unataka muziki tu ukiwa barabarani. Unganisha simu na spika, achana na redio. Huna haja ya kufungua dashibodi. Ruka mpaka Hatua ya 10.

Unataka sauti ya redioni, na spika ina AUX. Tumia waya. Nasema hivi nikijua wengi wanaona waya ni mambo ya kizamani. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa takribani sekunde 0.15 hadi 0.25. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kuchelewa kwa sekunde 0.2 ni sawa na kuiweka spika karibu mita 70 kutoka garini. Ukiwasha spika za gari pamoja na ya mkononi, utasikia mwangwi unaochosha, ngoma zikigongana. Kwa waya, tatizo hilo kwa kawaida halipo.

Unataka sauti ya redioni, na spika haina AUX. Tumia transmita, na ukubali kwamba spika za ndani ya gari utazinyamazisha.

Ulichotaka hasa ni simu isikike kwenye spika za gari. Basi spika ya mkononi haikuhusu. Kama redio ina AUX, chomeka simu. Kama haina, nunua modyuleta ya FM ya kuchomeka kwenye kiwasha sigara; hiyo hurusha sauti ya simu kama stesheni ndogo ya FM, nawe unaitafuta redioni. Kumbuka tu kwamba redio nyingi zilizokuja na magari ya Japani zinaishia 90 MHz, wakati stesheni zetu zinakwenda mpaka 108. Weka modyuleta kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na stesheni. Ukiiweka 100 utaitafuta mpaka uchoke.

## Hatua ya 4: Ifikie nyuma ya redio

Zima gari, toa ufunguo, legeza terminali hasi ya betri kwa spana namba 10. Sababu ni kwamba nyuma ya redio kuna waya wenye umeme muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Waya huo ukigusa bati la gari, fyuzi inaungua.

Tahadhari, na hii isome mara mbili. Baadhi ya redio za Toyota zenye navigesheni, zilizokuja na gari kutoka Japani, hujifunga betri ikitolewa. Ukirudisha, skrini inadai namba za siri ambazo huna. Baadhi ya magari ya Ulaya nayo hudai namba za siri za redio. Kama redio yako ni ya aina hiyo na huna namba zake, usiichomoe wala usiguse betri. Bakia na njia ya simu moja kwa moja kwenye spika.

Tandika kitambaa juu ya gia na sehemu ya mbele ili usikwaruze. Bandua fremu ya plastiki kwa vijiti vya plastiki, siyo bisibisi. Fungua skrubu za pembeni, vuta redio taratibu, uilaze kwenye kitambaa. Usiiache ining'inie kwa nyaya zake. Ukikutana na plagi za njano zinazohusu mfuko wa hewa, ziache kama zilivyo.

Sasa angalia nyuma. Unatafuta matundu ya duara, au nyaya fupi zenye vichwa vyekundu na vyeupe. Ukiyaona, nenda Hatua ya 5. Usipoyaona, nenda Hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Toa sauti kwenye RCA

Soma maandishi kabla ya kuchomeka. FRONT OUT na REAR OUT zote zinafaa. SW au SUB ni ya besi peke yake. Ukichomeka hapo, utasikia mngurumo bila sauti ya mwimbaji. Palipoandikwa REAR/SW, lazima uingie kwenye menyu ya redio uchague REAR. AUX IN au V-IN ni za kuingizia, ziache.

Cheupe kiende kwenye cheupe, chekundu kwenye chekundu. Kisha itazame jeki ya upande wa spika. Iwe na mistari miwili myeusi. Yenye mistari mitatu ni ya earphone zenye maiki, na kwenye baadhi ya spika hutoa sauti upande mmoja tu, au sauti iliyopwaya, mwimbaji akisikika kama yuko chumba cha pili.

Pitisha kebo chini ya zulia mpaka unapotaka spika ikae. Mita 5 zinatosha kufika buti ya gari dogo. Kama kuna waya mnene wa umeme uliopita upande wa dereva, wewe pita upande wa abiria. Nyaya hizo zikikumbatiana, kelele ya umeme huingia kwenye muziki.

Usifunge dashibodi bado. Rudisha betri, shusha sauti ya redio mpaka sifuri, washa stesheni ya FM, chomeka jeki kwenye AUX ya spika, kisha pandisha kidogokidogo. Spika nyingine hubadilika zenyewe jeki ikiingia, nyingine zinataka ubonyeze kitufe cha M au MODE.

Dalili ya kufaulu: sauti inasikika vizuri ikiwa chini, na inapanda na kushuka ukizungusha kitufe cha redio. Sasa funga dashibodi.

## Hatua ya 6: Redio haina RCA

Hapa ndipo redio nyingi huuawa. Mtu anakata jeki ya AUX, anaunga nyaya zake moja kwa moja kwenye nyaya za spika za mlangoni. Usifanye hivyo hata kwa sekunde moja ya kujaribu.

Kwanza, umeme wa nyaya za spika ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule AUX inaouvumilia. Pili, na hili ndilo la hatari zaidi, waya hasi wa spika kwenye redio za siku hizi si ethi, yaani haujaungwa na bati la gari. Redio inasukuma sauti kwenye waya chanya na waya hasi pia. Jeki ya AUX inazikusanya hasi ya kushoto na hasi ya kulia mahali pamoja. Ukiunga hivyo, umezigonganisha njia mbili za amplifaya. IC, yaani chipu ya amplifaya, inapata moto, redio inajizima, na nyingine haziwaki tena.

Suluhisho ni ile konveta ya hai-lo. Ina nyaya nne upande mmoja na RCA upande wa pili. Kwenye redio za kununua madukani, kama Pioneer, Kenwood au Sony, rangi hufuata utaratibu unaojulikana: nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ni hasi. Unga kila rangi na mwenzake wa kwenye konveta, zungushia tepu.

Redio iliyokuja na Toyota haifuati rangi hizo. Njia ya uhakika ni kuchomoa plagi ya redio, kuchukua betri ndogo ya volti 1.5, na kugusisha kwa kuchapua kwenye jozi ya nyaya upande wa plagi inayokwenda kwenye gari. Gusa tu nyaya mbili nyembamba zinazofanana ukubwa, usiguse zile za umeme. Ukipata jozi sahihi, spika ya mlango huo italia "kop". Mwenzako akiweka kiganja kwenye kava la mlango atahisi ni upi. Kama kazi hii inakupa mashaka, mpelekee fundi redio, umwambie wazi kwamba unataka hai-lo. Akikwambia anaweza kuunga hivihivi bila hai-lo, tafuta mwingine.

Skrubu ndogo za konveta zishushe mpaka mwisho kabla ya kuwasha. Baada ya hapo rudi Hatua ya 5, uendelee na kebo.

## Hatua ya 7: Kwa spika isiyo na AUX, weka transmita

Kosa kubwa linaanzia dukani. Vidude vingi vinavyouzwa kwa ajili ya gari ni vya kupokea tu, kazi yake ni kuipa redio ya zamani Bluetooth. Wewe unataka cha kutuma. Soma boksi: iandikwe Transmitter au TX. Vingine vina swichi ya TX na RX; isukume iwe TX.

1. Chomeka kebo kutoka kwenye RCA hadi tundu la transmita. Kama umepitia hai-lo, ni vilevile.
2. Ipe umeme wa USB. Ukiweza tumia pawabenki badala ya chaja ya gari. Sababu yake iko Hatua ya 9.
3. Zima Bluetooth ya simu zote, na earphone zisizo na waya zirudishe kwenye kiboksi chake. Transmita nyingi hazina skrini, hivyo hujiunga na chochote zinachokiona kwanza.
4. Weka transmita na spika ndani ya mita moja, vyote viwili vikipepesa taa. Subiri.
5. Taa zikitulia, washa redio na pandisha sauti polepole.

Bluetooth ya kawaida hufika kama mita 10 mahali pa wazi. Bati la gari linapunguza, na umati wa watu unapunguza zaidi, kwa sababu maji ya mwilini hunyonya mawimbi hayo. Sauti ikikatikakatika wakati wageni wamejaa, sogeza transmita karibu na dirisha lililofunguliwa, na spika uiinue juu ya usawa wa vichwa.

## Hatua ya 8: Panga sauti

Weka spika kwenye robo tatu ya sauti yake, halafu tumia kitufe cha redio kupandisha. RCA za redio nyingi hutoa volti 2 hadi 4 ukiifungua mpaka mwisho, wakati simu kwenye AUX haizidi kama volti 1. Ukianza na redio juu, sauti itapasuka na utadhani spika mbovu.

Zima LOUD na nyongeza zote za besi kwenye redio. Spika ya mkononi ina marekebisho yake ya besi tayari. Ukiongeza ya redio juu yake, ngoma zinavurugika.

Kunyamazisha spika za gari, tumia FADER, yaani mpangilio wa redio unaogawa sauti kati ya mbele na nyuma. Ukichukua sauti REAR OUT, peleka FADER yote nyuma: za mbele zitanyamaza. Kama gari lina spika za nyuma pia, zitaendelea kulia mpaka uzichomoe, isipokuwa redio yako iwe na sehemu ya kuzima amplifaya ya ndani.

## Hatua ya 9: Ondoa mvumo

Spika inavuma "mmmm", au inapiga mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta. Mluzi huo ni wa alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Unaingia kwa sababu spika, au transmita, imeunganishwa na gari mara mbili: kwa waya wa sauti na kwa waya wa chaji.

Jaribio ni rahisi. Chomoa chaji. Mluzi ukikoma, umejua sababu. Endelea bila chaji, au tumia pawabenki, au weka kichuja mvumo kati ya kebo na spika. Mluzi ukibaki hata bila chaji, angalia kebo imepita wapi, na ethi ya redio imefungwa wapi. Iliyofungwa kwenye bati lenye rangi au kutu haishiki vizuri.

## Hatua ya 10: Mahali pa spika, betri na joto

Spika nyingi za mkononi ni za duara. Ikiwa sakafuni mbele, gari likipunguza mwendo itabingirika, na inaweza kuingia chini ya pedali ya breki. Iweke nyuma ya kiti cha abiria, imebanwa, au uifunge mkanda kwenye kiti cha nyuma. Juu ya dashibodi ya abiria kamwe: mfuko wa hewa ukilipuka utairusha usoni mwake.

Ukipiga muziki gari limesimama na injini imezimwa, angalia voltimita. Betri iliyojaa husoma kama 12.6. Ikishuka 12.2 iko karibu nusu. Washa injini mpaka isome kati ya 13.8 na 14.4, uiache ifanye kazi. Fanya hivyo mahali pa wazi tu, usiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu ya kukushtua. Kama gari ni lori la volti 24, hakikisha chaja imeandikwa 12–24V.

Mvua ikianza, chomoa waya na ubane kifuniko cha mpira. Spika iliyoandikwa IPX7 inazuia maji kifuniko kikiwa kimefungwa. Jeki ikiwa ndani, tundu liko wazi.

Na usiiache garini juani. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi joto 45, na dashibodi ya gari lililofungwa mchana wa jua huvuka kiwango hicho kwa mbali. Ukiikuta imepata moto, itoe uiweke kivulini, ipoe kwanza ndipo uichomeke kwenye chaji.